Reli ya Stanford, Fedha ya Umma

Tarehe 8 Januari 1863, mjini Sacramento, gavana wa California alishika koleo mbele ya umati akatupa udongo wa kwanza wa tuta la reli iliyokusudiwa kuvuka milima ya Sierra Nevada. Mvua ilikuwa imenyesha na mtaa ulikuwa tope tupu. Gavana huyo aliitwa Leland Stanford. Kampuni iliyokuwa ikizindua kazi, Central Pacific, ilikuwa na rais wake, na rais huyo naye aliitwa Leland Stanford. Mshereheshaji wa siku hiyo alikuwa Charles Crocker, na kandarasi ya kujenga maili za mwanzo ilikuwa tayari mikononi mwa Charles Crocker. Hakuna aliyeona haya. Hotuba zikatolewa, bendi ikapiga, watu wakashangilia.

Hadithi ya California inayotufikia huku Afrika Mashariki haina koleo hilo. Tunayoletewa, katika vitabu vya kujiendeleza, katika klipu za wahamasishaji, katika makongamano ya biashara changa ya Nairobi na Dar es Salaam, inasema hivi: palikuwa na pori upande wa magharibi wa Marekani, wakaja watu wachache wenye maono, hawakusubiri serikali, hawakuomba mtu, wakathubutu, wakatajirika, na utajiri wao ukawafurikia wengine wote. Wa kwanza Sutter na dhahabu yake. Kisha Stanford na reli. Kisha Mulholland na maji. Kisha mabwana wa kompyuta waliofuata nyayo zao, gereji moja baada ya nyingine. Na funzo linaloambatana nayo tunalijua kwa moyo: aliyebaki nyuma amejitakia. Kijana asiye na mtaji anaambiwa kwamba alichokosa ni moyo.

Wapo wanaoikosoa hadithi hii kwa upole. Husema imetiwa chumvi kidogo, kwamba wakubwa wale walikuwa na kasoro zao kama binadamu wengine, ila walijenga. Mimi upole huo sinao. Hadithi hii imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Karibu kila jina linalotajwa ndani yake ni jina la mtu aliyebebwa na dola: kwa sheria, kwa ardhi, kwa hati fungani, kwa bunduki, na kwa jasho la watu ambao sheria ileile iliwanyima kinywa cha kusemea. Na waliolibadilisha jimbo hilo kwa namna ambayo bado inafanya kazi leo, wengi wao hawamo kwenye orodha.

Tuanze na reli, maana ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo yenye makaratasi mengi zaidi.

Mwenye wazo hakuwa Stanford. Alikuwa mhandisi kijana, Theodore Judah, ambaye mwaka 1860 aliipata njia ya kupitisha treni kwenye Sierra Nevada kupitia upande wa Donner. Matajiri wa San Francisco walimkatalia mtaji. Waliomsikiliza walikuwa wenye maduka wa Sacramento: Stanford aliuza vyakula, Crocker vitambaa, Collis Huntington na Mark Hopkins waliuza vyuma na zana. Kila mmoja wao aliandikisha hisa 150 za dola 100, na alitakiwa kutoa taslimu asilimia 10 tu, yaani dola 1,500. Huo ndio ule uthubutu mkubwa. Dola 1,500 hazikuwa pesa ndogo wakati ule, nakubali. Lakini hazitoboi mlima.

Kilichotoboa mlima kilitoka Washington. Judah alikwenda huko mwishoni mwa 1861 kuutetea mradi, na huko huko akapewa kazi ya ukarani na ukatibu kwenye kamati za Bunge na Seneti zilizokuwa zikishughulikia muswada wa reli. Msomaji asome tena: mhandisi wa kampuni akawa katibu wa kamati inayotunga sheria itakayoilipa kampuni. Lincoln aliisaini sheria hiyo tarehe 1 Julai 1862. Iliipa kampuni mkopo wa hati fungani za serikali kwa kila maili itakayokamilika: dola 16,000 kwenye tambarare, 32,000 kwenye nyanda za kati, 48,000 milimani. Juu ya hapo iliipa ardhi, vipande 10 vya maili moja ya mraba kwa kila maili ya reli, na mwaka 1864 Bunge likaongeza vikawa 20.

Sasa kwa kuwa mlima ulilipwa mara tatu ya tambarare, likaja swali ambalo mwanafunzi wa jiografia angelijibu kwa kuchungulia dirishani: mlima unaanzia wapi? Mtu aliyetoka Sacramento enzi hizo kuelekea mashariki alitembea maili nyingi kwenye uwanda kabla ya kuona hata kilima cha maana. Mwanajiolojia wa jimbo, Josiah Whitney, alialikwa kutoa maoni. Akasema kwamba udongo wa chini ya Sierra unaanza kuonekana kwenye kijito cha Arcade, kama maili saba tu kutoka Sacramento, penye ardhi bapa kabisa. Mapema mwaka 1864 Lincoln akakubali. Imani ikahamisha mlima maili kadhaa upande wa magharibi, na kampuni ikawa inatandika reli kwenye uwanda kwa bei ya mlimani.

Judah mwenyewe hakuyafaidi. Alishagombana na wale wenye maduka kuhusu nani anamiliki nini, akaondoka kwenda mashariki kutafuta wawekezaji wa kuwanunua, akapata homa kwenye shingo ya nchi ya Panama, akafa New York Novemba 1863 akiwa na miaka 37. Kama kuna mtu katika kisa hiki anayestahili kuitwa mwenye maono, ni yeye, na wahamasishaji hawamtaji, labda kwa sababu mwisho wake hauuziki.

Watetezi wana hoja moja nzuri hapa, na sitaki kuipita. Husema: ule ulikuwa mkopo, na mikopo ililipwa. Ni kweli. Lakini tazama ulivyolipwa. Kampuni ilishikilia kwamba haidaiwi hata riba hadi hati ziive, miaka 30 baadaye. Zilipokaribia kuiva, Huntington alipiga kambi Washington akitaka deni liahirishwe kwa miongo mingine kwa riba ya kutupwa, na ilibidi gazeti la San Francisco Examiner, kupitia kalamu kali ya Ambrose Bierce, limshambulie mwaka 1896 ndipo mpango ukazama. Makubaliano ya kulipa yalifikiwa 1899. Malipo yakaisha 1909, na wenye maduka wote wanne wakiwa makaburini. Faida ya ujenzi, kwa upande mwingine, haikungoja kitu. Walikuwa wameunda kampuni yao ya ndani, Contract and Finance Company, iliyojilipa kwa kazi ya kampuni yao nyingine. Tume ya serikali kuu ilipotaka mwaka 1887 kuona vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo, havikupatikana.

Tajiri wa kwetu akigunduliwa ana gavana, kampuni, mkandarasi na vitabu vilivyopotea, tunajua jina la kumwita. Yule wa Sacramento tunamwita mjasiriamali.

Na hapo sijafika kwa walioshika nyundo. Stanford alipoapishwa kuwa gavana Januari 1862 aliwaambia wabunge kwamba watu kutoka Asia ni jamii duni na kwamba makazi yao jimboni yazuiwe kwa kila njia halali. Miaka mitatu baadaye kampuni yake ilikuwa inawaajiri Wachina kwa mamia, kisha kwa maelfu, hadi wakawa karibu asilimia 90 ya vibarua wake. Weupe hawakutosha, wengi walipanda treni ya bure hadi mwisho wa reli na kukimbilia machimbo ya fedha ya Nevada.

Handaki la kileleni, la sita katika hesabu ya mahandaki yao, lina urefu wa mita 500 hivi na limekatwa kwenye itale. Kazi ilikwenda usiku na mchana. Mtu mmoja alishika patasi ya chuma, wenzake wawili wakaipiga nyundo kwa zamu, yeye akiizungusha kidogo baada ya kila pigo, hadi tundu likafika kina cha kutia baruti. Siku nzima ya kazi hiyo ilisogeza ukuta wa mwamba kwa kiasi cha futi moja. Ili kuharakisha, wakachimba kisima cha kwenda chini katikati ya mlima ili wafanye kazi pande nne kwa mpigo. Majira ya baridi ya 1866 hadi 1867 yalileta dhoruba moja baada ya nyingine. Watu waliishi chini ya theluji, wakitoka kambini hadi handakini kwa njia walizozichimba ndani yake. Maporomoko ya theluji yalizika kambi, na miili ilionekana majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka. Kampuni haikuweka hesabu ya Wachina waliokufa.

Juni 1867, Wachina wapatao 3,000 waliweka zana chini. Walitaka dola 40 kwa mwezi, siku ya saa 10 kwa wa nje na saa nane kwa wa mahandakini. Walikuwa wakipata kama dola 31 na chakula wakijigharimia, wakati mzungu alilishwa na kampuni. Walioshuhudia walishangaa kwamba hapakuwa na fujo hata kidogo. Watu walikaa kambini kimya kama siku ya mapumziko. Crocker akakata njia ya chakula. Ndani ya wiki moja njaa ilikuwa imemaliza mgomo. Barua za wakubwa wa kampuni zinaonyesha kwamba walikuwa wakiwaza pia kuagiza Weusi waliotoka utumwani Kusini ili wawe vibarua mbadala.

Miaka ya karibuni wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Stanford, ndiyo, chuo hichohicho kilichojengwa kwa mali ya reli, waliendesha mradi wa kutafuta maandishi ya vibarua hao. Walipekua Marekani na Uchina. Hawakupata barua hata moja iliyoandikwa na kibarua wa Kichina wa Central Pacific. Msumari wa dhahabu uliopigwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, upo salama kwenye jumba la makumbusho la chuo.

Kuhusu Sutter sitakawia, maana huyu hata wanaomsifu hawajui wamsifie nini. Johann August Sutter aliwakimbia wadai wake Uswisi mwaka 1834 akimwacha mke na watoto watano, akafika California 1839, na mwaka 1841 serikali ya Mexico ikampa ekari zipatazo 48,000 zilizokuwa za watu wengine. Ngome yake iliendeshwa na wenyeji wa asili, Wanisenan na Wamiwok. Heinrich Lienhard, Mswisi aliyefanya kazi kwake, ameandika jinsi wafanyakazi hao walivyofungiwa vyumbani usiku. Wageni wengine waliandika walivyolishwa uji kwenye mabirika marefu ya mbao, wakichota kwa mikono. Malipo yalikuwa vipande vya bati vilivyotobolewa, visivyonunua kitu isipokuwa kwenye duka la Sutter. Dhahabu ilipoonekana Coloma tarehe 24 Januari 1848, iliyookotwa na James Marshall, yeye na Sutter wote walifilisika, kwa sababu wafanyakazi walikimbilia machimboni na wavamizi wakachukua shamba. Sutter alikufa 1880 hotelini Washington, akiwa bado analiomba Bunge fidia. Mtu huyo ndiye mfano wa kutosubiri serikali!

Hapa ndipo ngao ya mwisho huinuliwa: hao walikuwa watu wa zama zao, usiwahukumu kwa macho ya leo. Hoja hii inasikika ya busara hadi uulize ni zama za nani. Zama hazikuwa na mtu mmoja.

Chukua Peter Burnett, gavana wa kwanza wa California aliyechaguliwa. Kabla ya kufika huko alikuwa Oregon, ambako mwaka 1844 aliongoza upitishaji wa sheria ya kuwachapa viboko Weusi waliokataa kuondoka; ilikuwa katili hata kwa walowezi wenzake, wakaifuta kabla haijamgusa mtu. California alijaribu tena kuwazuia Weusi wasiingie, Bunge la jimbo likamkatalia. Januari 1851 aliwaambia wabunge kwamba vita vya kuwaangamiza wenyeji wa asili vitaendelea hadi watoweke, kana kwamba anazungumzia majira ya mvua. Hayakuwa maneno matupu. Jimbo liliidhinisha hati fungani za zaidi ya dola milioni moja kulipa wanamgambo waliokwenda kuwawinda watu hao, na baadaye serikali kuu ikarudisha sehemu kubwa ya fedha hizo. Wenyeji walikuwa kama 150,000 kabla ya dhahabu. Kufikia miaka ya 1870 walibaki kama 30,000. Magonjwa na njaa viliua wengi, na bunduki iliyolipiwa na hazina ikaua maelfu. Gavana Gavin Newsom aliomba radhi kwa niaba ya jimbo Juni 2019 na akaita jambo lile mauaji ya kimbari.

Burnett ndiye pia aliyesaini, Aprili 1850, sheria iliyoitwa ya utawala na ulinzi wa Wahindi, yaani hao wenyeji wa asili. Ulinzi wenyewe ulionekana Los Angeles. Mwenyeji alifanya kazi kwenye shamba la mizabibu wiki nzima, Jumamosi akalipwa, mara nyingi kwa pombe kali ya zabibu. Usiku huo alilewa. Jumapili askari alimkokota hadi kwenye ua wa jela. Jumatatu asubuhi alinadiwa kwa mwenye shamba aliye tayari kulipa faini, akarudi mizabibuni kwa wiki nyingine, Jumamosi akalipwa pombe. Mji mzima uliona mnada huo, wiki baada ya wiki, kwa miaka.

Zama zao hizo hizo zilikuwa na Bret Harte. Februari 1860 kundi la wazungu liliwaua Wawiyot, wengi wao wanawake na watoto, kwenye kisiwa cha Tuluwat katika ghuba ya Humboldt, usiku baada ya sherehe yao ya kila mwaka. Harte, kijana wa miaka 23, alikuwa ameachiwa gazeti la mji jirani kwa kuwa mhariri amesafiri. Aliandika waziwazi kwamba yaliyofanyika ni mauaji, akaeleza alichokiona kwenye miili. Mwezi haukuisha, ikambidi aondoke mjini. Watu walijua. Aliyenyamaza alikuwa na sababu zake za kunyamaza, na aliyesema alifukuzwa.

Zilikuwa pia na Archy Lee, kijana Mweusi aliyeletwa kutoka Mississippi na bwana wake Charles Stovall mwaka 1857 kwenye jimbo ambalo katiba yake ilipiga marufuku utumwa. Alikataa kurudi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya California, na nani alikuwa jaji? Burnett yuleyule. Aliandika kwamba kisheria Archy ni huru, kisha akaamuru akabidhiwe Stovall, kwa sababu Stovall ni kijana, mgonjwa, na hakuijua sheria. Watu walicheka hadi wakalia. Weusi wa Sacramento na San Francisco hawakuishia kucheka: walichanga, wakaajiri mawakili, wakaweka macho bandarini, na Stovall alipojaribu kumtorosha kwa meli, polisi waliokuwa na hati walimshusha Archy kutoka melini. Aprili 1858 akaachiwa huru. Mchango huo wa shilingi kwa shilingi wa wapishi na vinyozi ulilibana jimbo litii katiba yake, jambo ambalo lilimshinda gavana wake wa kwanza au hakulitaka.

Ukimwonyesha mhamasishaji mambo haya, atabadili mwelekeo. Atakwambia: haya, tuache Stanford, mchukue basi Biddy Mason. Mtumwa aliyekufa tajiri! Huyo je, hakujijenga?

Nafurahi akimtaja, kwa sababu kisa chake kinamwangusha. Bridget Mason alizaliwa mtumwa mwaka 1818. Mwaka 1848 bwana wake, Robert Smith, alihamia Utah na Wamormoni, na Mason akatembea kwa miguu nyuma ya msafara wa magari ya ng'ombe kutoka Mississippi, akichunga mifugo na kulea binti zake watatu, mdogo akiwa bado ananyonya. Mwaka 1851 Smith akawahamishia San Bernardino, California. Pale aliendelea kuwashikilia kinyume cha katiba, na mwishoni mwa 1855 akafunga mizigo ili awapeleke Texas, ambako utumwa ulikuwa halali. Alikwama bondeni karibu na Santa Monica akisubiri safari. Robert Owens, Mweusi mfanyabiashara wa mifugo na farasi wa Los Angeles ambaye mwanawe alikuwa anamchumbia binti wa Mason, alipeleka habari kwa wakuu wa usalama, na watu wakatumwa kuizingira kambi. Kesi ikaenda kwa Jaji Benjamin Hayes. Sheria ya California ilikataza Mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, kwa hiyo Hayes akamwita Mason faraghani, mbele ya mashahidi wawili, akamuuliza kama anakwenda Texas kwa hiari. Hakuwa anakwenda kwa hiari. Januari 1856, Mason na wenzake 13, wengi wao watoto, wakatangazwa huru.

Hesabu basi ni nani waliokuwamo: katiba, jaji, polisi, jirani mwenye farasi, mchumba wa binti. Aliyekuwa peke yake katika kisa hiki ni Smith. Baada ya hapo Mason alifanya kazi ya ukunga na uuguzi kwa dola 2.50 kwa siku, akazalisha watoto wa matajiri na wa maskini, na mwaka 1866 akanunua viwanja kwenye Mtaa wa Spring kwa dola 250, nje ya mji wa wakati ule, katikati ya jiji la sasa. Kanisa la First AME la Los Angeles lilianzia nyumbani kwake mwaka 1872. Mafuriko yalipoharibu nyumba za watu, alifungua daftari kwa mwenye duka ili familia zilizoathirika, ziwe za rangi yoyote, zichukue chakula kwa jina lake. Hakujua kusoma wala kuandika. Kaburi lake lilikaa bila alama tangu 1891 hadi 1988.

Mulholland nilimtaja mwanzoni, kwa hiyo nisimkwepe. William Mulholland, Mwairishi aliyejisomea mwenyewe uhandisi baada ya kuanza kama msafisha mifereji, kweli alileta maji Los Angeles kwa mfereji wa kilomita 375 uliofunguliwa Novemba 1913. Lakini alikuwa mfanyakazi wa mshahara wa jiji, na mfereji ulilipiwa na wapiga kura walioidhinisha hati fungani za dola milioni 1.5 mwaka 1905 na milioni 23 mwaka 1907. Wakulima wa Bonde la Owens walipoteza maji. Walioshinda ni wale, akiwamo mwenye gazeti la Los Angeles Times, walionunua ardhi ya Bonde la San Fernando mapema. Bwawa lake la St. Francis lilipopasuka usiku wa Machi 1928 na kuua zaidi ya watu 400, Mulholland alisema lawama ni yake. Kwa hilo namheshimu kuliko wale wanne wa Sacramento kwa pamoja.

Na mabwana wa kompyuta? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanunuzi wakubwa wa chipu za California walikuwa makombora ya jeshi na mradi wa kwenda mwezini. Ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti ulitoka chuo cha UCLA kwenda Menlo Park tarehe 29 Oktoba 1969, kwa fedha ya Wizara ya Ulinzi. Utafiti uliozaa Google ulisaidiwa na ruzuku ya taasisi ya serikali ya sayansi. Gereji zilikuwapo, sikatai. Kodi ya gereji ndiyo ilikuwa gharama ndogo kuliko zote.

Anayetaka kujua ni nani mwenye ushawishi aulize ni jina gani bado linasikika mahakamani. Hapo Stanford hayupo. Yupo mpishi.

Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwaka 1873, ghorofani kwenye Mtaa wa Sacramento, kwa wazazi Wachina ambao sheria iliwazuia kuwa raia. Sheria hizo zilikuwa na historia: mwaka 1854, katika kesi ya George Hall, mzungu aliyepatikana na hatia ya kumuua Mchina, Mahakama ya Juu ya California ilimwachia kwa sababu mashahidi walikuwa Wachina. Mwaka 1882 Bunge la Marekani likafunga mlango kwa vibarua wa Kichina, miaka 13 tu baada ya wao kuikamilisha reli. Agosti 1895 Wong alirudi kutoka kuwatembelea jamaa Uchina kwa meli Coptic, na afisa wa forodha akakataa asishuke, akidai si raia. Kwa miezi aliwekwa ndani ya meli zilizotia nanga ghubani, akihamishwa kutoka moja kwenda nyingine, huku akiuona mji alikozaliwa. Vyama vya Wachina vya San Francisco vikamwekea mawakili. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita kwa mbili, ikaamua kwamba kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, mtu aliyezaliwa kwenye ardhi ya Marekani ni raia wake, hata kama wazazi ni wageni.

Ushindi huo haukumfanya mtu mkubwa. Mwaka 1901 alikamatwa El Paso, Texas, na ikambidi athibitishe tena uraia uleule uliokwisha kuthibitishwa na mahakama ya mwisho nchini. Aliendelea kupika. Hakuacha kampuni, chuo wala barabara yenye jina lake.

Rais Donald Trump aliposaini amri Januari 2025 ya kuwanyima uraia watoto wa wageni fulani wanaozaliwa Marekani, mawakili wa pande zote walilazimika kurudi kwenye uamuzi wa 1898 na kubishana juu ya kila sentensi yake. Ubishi huo unawahusu Wakenya wa Minneapolis, Watanzania wa Houston na wakimbizi wa Kikongo waliopewa makazi San Diego, wanaowaimbia watoto wao kwa Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 120, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mgeni kimesimama juu ya kesi ya yule mpishi, na wanaotaka kukiangusha wanajua kwamba yeye ndiye wa kumshinda kwanza.